Andumí, Itika

Bocas de Andumí, 6 Februari 1996

Mdogo wangu Eliécer,

Uko hai? Maana kila boti likifunga hapa Bibi ananiuliza, na mimi nimechoka kumjibu kwa kubahatisha.

Sikiliza, nina jambo. Ile sheria mpya ya ardhi imefika mpaka kwetu. Inasema sisi weusi wa mito hii tunaweza kupewa hati, moja ya wote, tukionyesha kwamba tumekaa hapa tangu enzi za mababu. Kamati imenichagua mimi kuwa katibu, kwa sababu nina mwandiko mzuri na sina mume wa kunikataza kusafiri. Tulikuwa tunaenda vizuri tu. Ghafla wamejitokeza watu Popayán, warithi wa Don Baltasar Olano, yule aliyekuwa na mgodi wa dhahabu huku enzi za utumwa. Wanasema Andumí ni jina la mgodi wao. Mto ukalichukua kutoka kwenye mgodi, na sisi tukapigwa nalo kama ng'ombe anavyopigwa chapa. Kwa hiyo mto ni wao, na sisi ni mabaki ya mali yao tuliosahauliwa msituni. Tena misitu wameshaiahidi kampuni moja ya mbao.

Ofisi ya ardhi imetuuliza swali moja: nyinyi mnasema jina limetoka wapi? Mwezi wa sita tunatakiwa Bogotá na jibu.

Jibu unajua liko wapi. Liko kwenye ule wimbo wa kuanua matanga, wa usiku wa mwisho. Sisi wote tumeusikia, lakini nani aliwahi kuushika? Wakati ule mmoja analia, mwingine amelewa, watoto wamelala. Anayeujua mwanzo hadi mwisho ni Bibi Eudoxia peke yake, na Bibi hataki. "Wimbo ule unaita," anasema. "Hauimbwi pasipo maiti. Ukiuimba hakuna aliyelala, utatafuta wa kumlaza."

Wewe ndiye kipenzi chake. Mwandikie. Au uje, kama ulivyoahidi tangu mwaka juzi.

Dada yako,
Deyanira


Cali, 20 Februari 1996

Dada Deya,

Barua yako nimeisoma nimesimama, maana kiti nimekiuza. Nimehama tena. Chumba cha kwanza kilikuwa na kunguni, cha pili kilikuwa na mwenye nyumba, na sijui kipi kiliuma zaidi. Karakanani tunatengeneza milango ya kanisa, na bosi anatukimbiza kana kwamba Yesu mwenyewe anasubiri nje.

Lakini nyie watu wa huko mna nini? Watu wanataka kuuza mto tukiwa ndani yake, halafu tunabembelezana na wimbo! Mwambie Bibi aseme tu, asiimbe. Kusema hakuiti mtu. Akikataa, azima redio kaseti ya Jacinto, iweke chini ya kitanda, mpe Bibi vikombe viwili vya gongo la miwa, umchokoze mpaka aanze mwenyewe. Mimi ningeshamaliza zamani.

Pasaka nakuja. Safari hii kweli. Nitapanda basi la Jumatano Kuu mpaka bandari ya Buenaventura, Jacinto anichukue na boti lake. Usinicheke.

Eliécer


Bocas de Andumí, 10 Machi 1996

Eliécer,

Gongo alikunywa. Vikombe vitatu, si viwili. Akaimba nyimbo za Krismasi mpaka kuku wakatoka bandani.

Nikamwambia, basi Bibi, sema tu. Akafungua mdomo, nami nikashika kalamu. Akaufunga. "Maneno hayapo, mwanangu. Yamo ndani ya sauti. Nikiyatafuta hivi makavu siyaoni." Nikakasirika, nikamwambia anatutania na ardhi inakwenda. Alinitazama, nikatamani nimeze ulimi. "Saulo aliimba kipande tu cha wimbo akiezeka paa lake," akasema, "kwa ulevi na kwa kuringa. Nani alizikwa wiki ile?" Ni kweli, alizikwa mtoto wa Saulo. Unakumbuka, tulimbeba sisi.

Sasa sijui nifanye nini. Usingizi sina. Wanakamati wananiuliza kila siku, nami nasema bado, bado, kama mtu anayepika mawe.

Njoo kweli hiyo Jumatano. Labda kwako atalegea. Ameshaanza kukukaushia samaki, na amemkataza kila mtu kuwagusa.

Deyanira


Cali, Alhamisi Kuu, 4 Aprili 1996

Dada,

Usiwe na hasira. Au uwe nayo, ni haki yako. Sikupanda lile basi.

Jana asubuhi nilipeleka mkoba wangu stendi mapema, ukapakiwa, nafasi yangu ikaandikwa. Bosi akaniita: mlango mmoja umepinda, hutoki mpaka unyooke. Tukatukanana. Nilinyoosha mlango, nikamtupia randa miguuni, nikakimbia. Nilipofika stendi niliona taa za nyuma tu. Nilizunguka mji mzima nikijitukana, leo ndiyo naandika.

Mkoba umeenda bila mimi. Ndani mna kitambulisho changu na lile shati la buluu alilonishonea Bibi. Mwambie Jacinto auulizie Buenaventura. Na Bibi umwambie pole pole. Nitakuja, naapa, nikipata kazi nyingine.

Eliécer


Bocas de Andumí, 17 Aprili 1996

Eliécer,

Kaa chini. Kama kiti hujanunua, kaa sakafuni.

Ulikufa, mdogo wangu. Tumekulilia, tumekukalia matanga, na tumekuanua.

Lile basi lilitumbukia kwenye mto Dagua usiku uleule, hakupona mtu. Redio ilisoma majina Ijumaa Kuu, na jina lako lilisomwa. Jacinto alikwenda, akarudi na mkoba wako umelowa. Mwili wako, walisema, maji yameuchukua. Basi tukafanya kama wanavyofanyiwa waliochukuliwa na maji: tukalaza gogo la mgomba sebuleni, tukalivika shati la buluu. Saulo alilia kuliko wote. Jacinto alilia pia, ila kila akinyamaza kidogo anasema, "Na ndoana zangu hakurudisha." Mimi nilikuwa kama kichaa. Sikula, sikuoga.

Katikati ya wiki Jacinto akaniletea barua yako. Hajui kusoma lakini mwandiko wako anaujua, macho yakamtoka. Nikamwambia ni ya zamani, ilikwama njiani. Nikaisoma nyuma ya nyumba. Nilicheka mpaka nikajiziba mdomo kwa mikono miwili. Nikakimbia nimwambie Bibi, nikafika mlangoni, nikasimama.

Usiku wa mwisho ulikuwa bado.

Unaelewa? Nilisimama pale, Bibi yuko ndani anakuombea, nami nikafikiria wimbo. Nikafikiria Bogotá. Nikaificha barua kwenye debe la mchele, nikaenda kuazima redio kaseti. Nikamwacha mwanamke wa umri ule alie tena, kwa makusudi, na mimi nikamshika mkono nikajifanya nalia naye. Usinisamehe haraka.

Aliimba, nami nilinasa. Sikia. Zamani mto huu haukuwa na jina, wakubwa waliuita maji ya mgodini tu. Mama mmoja aliletwa kuchekecha dhahabu. Wao walimwita María Ignacia. Alizaa binti, akampa kwa siri jina la lugha ya kwao, Andumí, alilomwita pale tu wasipokuwepo. Mtoto akachukuliwa na maji akina mama wakiwa kazini. Tangu siku ile mama yule hakujificha tena. Kila jioni alisimama ukingoni akaita, Andumí, Andumí, akachapwa, akaita, mpaka uzeeni. Wauza chumvi waliopanda na mitumbwi wakawa wanasema, twende kule anakoitwa Andumí. Mwisho wakasema, twende Andumí. Ni baadaye Olano alipoliandika jina hilo kwenye mgodi wake. Watu walipoachiwa huru, karani akataka kila mmoja awe na ukoo. Wengine wakakubali kuitwa Olano. Wajukuu wa mama yule, kwa watoto aliozaa baadaye, wakasema sisi ni Andumí, ili kila tutakapoitwa, na yule mtoto awe ameitwa.

Na mwisho wa wimbo, unajua, marehemu huitwa mara tatu, na kila mara mwimbaji hunyamaza kungoja. Hakuna anayeitika, ndipo tunajua amekwenda. Bibi akakuita. Eliécer Andumí. Akangoja. Niling'ata kitambaa nisije nikaitika mimi kwa niaba yako.

Kesho yake nikatoa barua, nikasema ndiyo kwanza imefika. Watu walipiga kelele za furaha, Saulo akalitupa gogo mtoni. Bibi alicheka, akaenda kulala mapema. Tangu siku hiyo haongei sana. Sijamwambia kweli. Naogopa.

Kanda naituma na barua hii. Isikilize, uandike maneno yote, uirudishe.

Deyanira


Cali, 29 Aprili 1996

Deyanira,

Umenizika kwa ajili ya karatasi! Nilicheka niliposoma juu ya ndoana, nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikafika kwenye debe la mchele, na kicheko chote kikaniishia. Mtu mzima na akili zako! Ndiyo, najua, mimi ndiye niliyekwambia ufiche redio kitandani. Sikukwambia unifiche mimi.

Na wale waliokuwa ndani ya basi? Mwanamke aliyeandikiwa nafasi karibu na yangu nilimwona stendi asubuhi ile, alikuwa na kuku kwenye kapu. Kila nikilala namwona.

Kanda nimeisikiliza kwenye redio ya jirani. Sikuandika hata neno. Nilikaa vizuri na kalamu yangu mpaka Bibi alipotaja jina langu. Akanyamaza. Mkanda unazunguka, unasikika mvumo tu, mbwa anabweka mbali, mtu anakohoa, huyo ni Jacinto. Akaniita tena. Dada, nilisema, "Naam, Bibi." Kwa sauti, ndani ya chumba cha watu. Jirani akaniuliza nazungumza na nani.

Mwambie ukweli kabla sijafika mimi kuusema.

Eliécer


Bocas de Andumí, 2 Mei 1996

Wewe Eliécer,

Anayeandika ni mwalimu Tránsito Cuero. Nimemwambia akiongeza neno lake nitajua. Deyanira hajui, na asijue mpaka niseme mimi.

Mnaniona kikongwe. Jacinto alipoleta barua, kabla ya kumpa dada yako alipita kwangu. "Bibi, mwandiko wa Eliécer, na wino haujafifia." Nilikaa kungoja. Nikamwona msichana anakuja mbio, uso unawaka. Akasimama mlangoni. Nikajua uko hai, mjukuu wangu, nikamshukuru Mungu kimyakimya huku nimeshika rozari yangu. Nikangoja aseme. Hakusema. Nikamsikia anavuta debe la mchele.

Ningeweza kumwaibisha palepale. Lakini nilimwangalia siku zile, alivyokonda kwa ajili ya hii ardhi, anazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikasema, basi. Mtoto huyu ameniwekea maiti ya mgomba, nami nitamwimbia mgomba.

Na nina tamaa yangu pia, nikwambie. Nimeuimba wimbo ule maisha yangu yote, nimewaita watu wengi kwa majina yao, na kila mara nimenyamaza, kimya kikanijibu. Mama yule wa kwanza aliita akazeeka, hakuitikiwa. Nikatamani mara moja tu nimwite mtu ambaye yupo. Nilipokunyamazia vile, nilikuwa nasikiliza kwelikweli.

Wimbo sasa una deni lake, na nimeshauambia upite kwangu. Usianze kulia, mimi nimeshiba siku. Ila acha hiyo milango ya watu. Njoo, nikuite uitike nikiwa na masikio. Samaki bado wapo.

Bibi yako,
Eudoxia Andumí


Bogotá, 11 Juni 1996

Eliécer,

Huku baridi inaingia mpaka kwenye meno. Nakuonea wivu, wewe uliyekuwa hujui kurudi, sasa umekaa jikoni kwangu unakula samaki wangu.

Mwalimu ameniandikia kila kitu, kwa agizo la Bibi. Kwa hiyo mlijua, wewe na Bibi, na mlinipungia mikono nilipopanda boti kana kwamba mimi ni shujaa! Nililia kitandani kwa aibu, halafu nikacheka, halafu nikalia tena. Siku ile ya kuondoka nilitaka kumwambia Bibi kweli, akaniziba mdomo kwa kiganja. "Kanda hiyo usiicheze," akasema. "Imba kwa koo lako, siku utakapokuwa na wa kumwimbia." Nilidhani ni uzee tu.

Mambo si mazuri. Hadithi ya jina niliipeleka kwa maandishi. Wakili wa akina Olano, mwanamume mmoja ananukia sabuni, akaisoma mbele ya watu akasema, "Hii wameitunga mwezi uliopita. Kama ni wimbo wa miaka yote hiyo, tuusikie." Nikasema hauimbwi ovyo. Wakacheka, Eliécer. Hata mama mmoja wa ofisi, anayetupenda, alitazama chini. Ameniita pembeni akanibembeleza: mwisho ni Jumanne tarehe kumi na nane, mchana. Baada ya hapo wanaamua kwa makaratasi, na makaratasi yote ni ya Olano.

Kanda imo mkobani. Naigusa, naiacha. Ndani yake unaitwa wewe. Nikiicheza mbele ya wale watu unaitwa tena, na nilishakuua mara moja. Siwezi. Nimejaribu kuuimba mwenyewe chumbani, kila neno nalijua sasa, lakini nikikaribia mwisho naacha. Nitamwita nani? Hakuna aliyelala.

Natembea tu. Nimezunguka uwanja wa katikati ya mji mpaka askari akaniuliza kama nimepotea. Muulize Bibi nifanye nini. Unijibu haraka.

Deyanira


Bocas de Andumí, 15 Juni 1996

Dada yangu Deya,

Barua hii anakuletea mwalimu Tránsito mkononi, anapanda ndege ndogo kutoka mji wa Guapi kesho. Mshike mkono kabla hujaendelea kusoma.

Barua yako ilikuja na ndege hiyohiyo, ikafika jana asubuhi. Nilimsomea Bibi jikoni, anapara samaki, mimi nimekaa kizingitini. Kwenye yule wakili anayenukia sabuni alicheka sana, akasema afadhali kuna mtu anaoga huko kwenye baridi. Nilipofika kwenye swali lako aliacha kupara. Akasema, "Mwambie asihangaike. Siku zipo." Akaniambia nilete maji.

Tangu nimerudi tulikuwa na mchezo wetu. Akiwa popote, bandani, mtoni, ananiita, "Eliécer Andumí!" nami naitika, "Naam, Bibi!" hata nikiwa juu ya paa. Siku nzima hivyo, mpaka Jacinto akasema tumewehuka. Kila nikiitika anafurahi kama mtoto. Jana nikiwa mtoni na ndoo sikusikia akiniita. Nikaona ajabu, nikamwita mimi. "Bibi!" Nikapanda ngazi mbio. Nikamwita tena nikiwa mlangoni. Alikuwa amekaa palepale, kisu mapajani, kichwa kimeegemea ukuta. Nikamwita mara ya tatu, Deya. Hakuitika.

Nina hasira na nina uchungu, na sijui nikae wapi. Nimemtengenezea jeneza mwenyewe, halikupinda popote. Leo tunamzika, matanga yameanza. Saulo ameuliza usiku wa mwisho ataimba nani, nikamwambia dada yangu atakuwa amerudi. Hakuna aliyebisha.

Lakini usingoje kurudi. Umeuliza utamwita nani. Sasa yupo aliyelala. Jumanne simama mbele ya wale watu wote, wa sabuni na wasio wa sabuni, uimbe kwa koo lako. Anza na mama aliyesimama ukingoni, usiruke kitu. Ukifika mwisho, mwite Eudoxia Andumí mara tatu, na kila mara unyamaze kama alivyokuwa ananyamaza yeye. Wakikohoa, waache. Wakitazama saa, waache. Ngoja.

Jumanne mchana tutasimama wote ukingoni huku, tutanyamaza pamoja nawe. Kanda nitupie mtoni ukirudi.

Imba, dada.

Mdogo wako, niliye hai,
Eliécer Andumí